Usiniache Mikononi mwa Hawa Watu

(Hotuba iliyotolewa Arua, mbele ya askari wanaojiandaa kwenda kazini nje ya nchi, askari wastaafu na familia zao)

Wazee wangu, mama zetu, maafande mlioko kazini, na nyinyi wenzangu mliokwisha kuvua magwanda, salaam. Nyinyi vijana mnaosubiri kuvuka mpaka, maneno ya leo ni yenu kuliko ya wengine wote.

Nitasema kwa Kiswahili, na naomba radhi mapema kwa wale ambao lugha hii ikitoka kinywani mwa askari bado inawashtua. Sisi wa umri wangu tunajua kwa nini. Kampala ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, maneno mawili tu, "panda gari", yalitosha kumfanya baba wa watoto sita apotee asionekane tena. Mama yangu mzazi hakuishi Kampala, aliishi hapahapa West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, lakini mpaka anaingia kaburini, mtu akiita nje "wewe, kuja hapa", alikuwa anaacha anachokifanya na kukaa kimya mpaka ahakikishe ni nani. Kiswahili kwake kilikuwa kimeshika bunduki.

Naanza na lugha kwa sababu kisa nitakachowasimulia kimenikaa kifuani zaidi ya miaka ishirini, na kimekaa kwa sababu hiyohiyo. Niliombwa jambo kwa lugha ninayoielewa.

Mwaka 2001 nilikuwa luteni, kamanda wa platuni, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Albert. Makabila mawili ya huko, Wahema na Walendu, walikuwa wakiuana tangu 1999, na jeshi letu la Uganda ndilo lililokuwa na nguvu pale. Watu wangu thelathini na kitu tulilinda daraja moja na kipande kirefu cha barabara ya vumbi. Wanajeshi mliomo humu mnajua hesabu hiyo: watu thelathini, hata wawe simba, hawawezi kulinda barabara ndefu usiku na mchana. Kwa hiyo tulikuwa na washirika. Kundi la wenyeji wenye silaha, sitalitaja jina. Walijua kila njia ya miguu na kila mtu wa kila kijiji. Mara mbili walitutahadharisha kuhusu mtego uliotegwa mbele yetu, na naamini kabisa wako askari wangu wanaolea wajukuu leo kwa sababu ya watu hao. Mnielewe vizuri hapo. Tulikula nao, tuligawana sigara nao, nilimjua mtoto wa kamanda wao kwa jina.

Alasiri moja doria yangu ilirudi na kijana. Miaka kumi na sita, labda kumi na saba. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na panga, lakini Ituri ya wakati ule nani hakuwa na panga? Kabla jua halijazama wenzetu wakaja. Wakasema huyu ni mpelelezi wa adui, nyumba ya baba yake tunaijua, tupatieni. Sikuwa na chumba cha mahabusu. Sikuwa na polisi wa jeshi. Betri ya redio ilikuwa inakufa, brigedi iko mbali, na amri niliyokuwa nayo kutoka juu ilikuwa fupi: shirikianeni na wenyeji. Kijana alikuwa amekaa juu ya jerikeni. Akanitazama, akasema, "Afande, usiniache mikononi mwa hawa watu."

Hakukuwa na mkalimani kati yetu. Hakuna neno nililohitaji kuelezwa.

Nikawaambia, "Chukueni."

Saa mbili usiku tukasikia risasi mbili upande wa mto. Sajenti wangu akanitazama, mimi nikatazama redio. Kwenye daftari la matukio, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika "Hali shwari". Asubuhi wale wenzetu wakatuletea mbuzi wa shukrani. Tulimla.

Kwa miaka mingi nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga kama mtu anavyopanga matofali. Sikuwa na mahali pa kumweka. Ningekataa, wangeondoka barabarani, na wanangu wangekufa. Labda kweli alikuwa mpelelezi. Mimi ni luteni tu, siasa ya washirika iko kwa wakubwa. Wao ndio wenye nchi, sisi ni wageni. Nawaambieni ukweli, kila sababu kati ya hizo ilikuwa na uzito wake. Hicho ndicho kinachofanya jambo hili liwe gumu. Mkitegemea kwamba siku hiyo itakuja na sura ya shetani, na kwamba mtaitambua mara moja, hamtaitambua. Itakuja na sura ya rafiki aliyekuokoa wiki iliyopita, na itakuja jioni, mkiwa mmechoka.

Chuoni tulifundishwa habari za adui. Tulifundishwa pia habari za nidhamu yetu wenyewe: usiibe kuku wa mwananchi, usimguse mwanamke, ukivunja sheria utashtakiwa. Mtu wa tatu, yule aliye ubavuni mwako, hatukufundishwa. Kwa hiyo tukajitungia somo letu wenyewe, nalo ni fupi: si sisi, ni wao.

Somo hilo ni la uongo, na si mimi tu ninayesema. Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo Uganda iliitungia sheria yake mwaka 1964, inaanza na kifungu cha kwanza kinachosema kwamba nchi itaiheshimu mikataba hiyo na kuhakikisha inaheshimiwa. Kuhakikisha. Neno hilo linatazama nje ya kambi yako. Mkataba wa tatu, kifungu cha 12, unakwenda mbali zaidi: nchi iliyomshika mateka wa vita isimkabidhi kwa nchi nyingine mpaka ijiridhishe kwamba hiyo nyingine inataka na inaweza kumtendea kama mkataba unavyotaka. Na ikiwa umekwisha kumkabidhi na ukasikia anateswa, huna ruhusa ya kusema ameshatoka mikononi mwangu. Lazima urekebishe au umdai arudi. Wanasheria watabishana kama kijana wangu wa Ituri alikuwa mateka wa vita kwa maana hiyo ya mkataba, kwa kuwa wale wenzetu hawakuwa jeshi la nchi. Wabishane. Mimi nilikuwepo, alikuwa amekaa juu ya jerikeni yangu.

Nchi nzima ilijibu swali hilo mahakamani. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilitoa hukumu katika kesi ambayo Kongo ilitushtaki. Wengi wetu tunakumbuka tu habari ya madini na habari ya Kisangani, mji wa Kongo tulikopigana na Wanyarwanda. Mimi nimesoma sehemu ya Ituri mara nyingi, kwa sababu najiona ndani yake. Mahakama ilisema Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, na mwenye kuikalia nchi ana wajibu wa kuwa macho. Tulikutwa na kosa la yale yaliyofanywa na jeshi letu, na tukakutwa na kosa jingine: kutokuwa macho kuzuia yale yaliyofanywa na wengine waliokuwepo pale, hata makundi ya waasi yaliyokuwa yakitenda kwa hiari yao yenyewe. Mbele ya majaji wale, "si sisi, ni wao" haikusaidia. Februari 2022 mahakama hiyohiyo ikapanga fidia: dola milioni 325, kulipwa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Hizo ni fedha za zahanati zetu na barabara zetu. Ndani yake, sijui ni senti ngapi, iko ile jioni yangu.

Sasa niwarudishe hapa nyumbani, kwa sababu sitaki mtu aondoke akidhani naongea habari za Wakongo.

Mwaka 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia nchini pamoja na Jeshi la Wananchi wa Tanzania kumng'oa Idi Amin. Kampala ikaanguka Aprili 11. Watanzania hawakuwa malaika. Masaka na Mbarara zilibomolewa kwa hasira ya yale majeshi ya Amin yaliyoyafanya Kagera, na watu wa Masaka wa umri wangu wanaweza kukuonyesha ni jengo gani lilikuwa wapi. Lakini walipofika huku kwetu, ambako sote tulihesabiwa kuwa watu wa Amin, mambo yalikuwa tofauti na tulivyoogopa. Waliotutia hofu zaidi walikuwa wenzao, askari wa jeshi jipya la Uganda, UNLA. Walikuwa jeshi moja upande mmoja, waliingia pamoja. Wale wa UNLA walikuwa na deni la kulipiza.

Katikati ya mwaka 1980, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, askari watatu wa UNLA walikuja nyumbani kumchukua mjomba wangu. Kosa lake lilikuwa kwamba aliwahi kupika katika kambi wakati wa Amin. Jirani na boma letu alikuwepo koplo mmoja Mtanzania na wenzake wawili, walikuwa wakichota maji kwetu. Yule koplo alikuja akasimama mlangoni. Hakuinua bunduki. Mama alinisimulia maneno yake mara nyingi hata nikayajua kwa moyo kama sala. Alisema, "Huyu mzee yuko kwangu. Kamwambie mkubwa wako aje mwenyewe." Wakabishana kidogo. Mkubwa hakuja. Kisha yule koplo akageuka akamwambia mama, "Samahani mama, tumekupigia kelele." Mama alikuwa akifika hapo anacheka na kulia pamoja, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba Kiswahili kina neno la samahani.

Tazameni alichokifanya. Hakuwapiga wenzake risasi. Hakutoa hotuba juu ya haki za binadamu. Aliutoa uamuzi mikononi mwa vijana watatu wenye hasira, akaurudisha kwa mtu mwenye cheo, ambaye angelazimika kutembea mchana kweupe, aseme kwa jina lake kwamba anamtaka mpishi. Watu wengi watatenda ubaya gizani na hawatakubali kuutilia sahihi.

Nisiwadanganye kwamba ilitosha. Oktoba mwaka huohuo kisasi kilikuja kwa nguvu, na sisi pamoja na maelfu kwa maelfu tukavuka kwenda Zaire na Sudan. Mwaka 1981 Watanzania wakaondoka nchini. Juni 24 mwaka huo, hapa Ombaci, kwenye misheni ambako watu walikuwa wamekimbilia, UNLA waliua raia. Wako humu ndani watu waliozika ndugu zao baada ya siku ile, na mimi siwezi kuwaambia chochote kipya. Askari mmoja mlangoni anaokoa mlango mmoja. Mjomba wangu alikufa kitandani mwaka 1998.

Kijana mmoja aliniuliza nikiandaa maneno haya: afande, si bora tujitoe tu? Mshirika akitenda ubaya, tumwache, twende zetu? Ni swali zuri na halina jibu la haraka. Mwaka 2009 kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo kilikuwa kinalipatia jeshi la Kongo chakula na mafuta katika operesheni ya Kivu. Ikabainika kwamba askari waliopewa msaada huo walikuwa wameua raia 62 katika eneo la Lukweti. Novemba mwaka huo msaada kwa kikosi kilichohusika ukakatwa, na baadaye Umoja wa Mataifa ukatunga kanuni kwamba kabla ya kusaidia jeshi lolote, uchunguze kwanza mienendo yake. Mimi naunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Lakini mwaka 2015, kanuni hiyo ilipotumika kukataa kufanya kazi na majenerali wawili, serikali ya Kongo ilisema basi, hatuhitaji msaada wenu, tutakwenda wenyewe. Wakaenda wenyewe. Ukijitoa, mikono yako inabaki safi, lakini na macho yako umeyaondoa. Nani atasimama mlangoni?

Kwa hiyo sitawaambia mjitoe wala msijitoe. Hilo ni la wakubwa na la serikali. La kwenu ni dogo na liko karibu zaidi: mtu aliye mikononi mwako, gari lako, mafuta yako, redio yako, kalamu yako. Mshirika akikuomba lori usiku bila kukuambia la nini, lori limeharibika. Akikutaka umpe mahabusu, mwambie mkubwa wake aje mwenyewe, na aandike. Ukiona jambo, liseme redioni wakati lingali linatokea, kwa sauti, kwa jina la mahali, ili masikio mengine yalisikie. Sauti iliyosikika na vituo vitatu haizikwi kirahisi. Na uandike. Siku, saa, mahali, watu wangapi, nani alikuja, ulimjibu nini. Kama ningeandika jina la yule kijana mwaka 2001, leo baba yake angeweza kuulizwa mahali alipozikwa. Niliandika hali shwari. Ni maneno mawili kama yale ya Kampala.

Na tusijione tumesimama upande wa watazamaji siku zote. Agosti 10, 2021, Golweyn, Shabelle ya Chini nchini Somalia, askari wetu waliua raia saba. Taarifa ya kwanza ilisema ni magaidi. Uchunguzi ukaonyesha ni raia. Mahakama yetu ya kijeshi ilikaa Mogadishu kwenyewe, na Novemba ikawatia hatiani askari watano: wawili kifo, watatu kifungo cha miaka 39. Siku ile, kwa askari wa Somalia anayelinda barabara pamoja nasi, mshirika aliyetenda ubaya alikuwa nani? Alikuwa sisi. Ningependa kujua kama yuko aliyetaka kusema na akafikiria chakula, mishahara na magari yanayotoka kwetu, akanyamaza. Na hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp wako akina mama wa Kinuer, kabila la Sudan Kusini, waliokimbia Juba, mji mkuu wao, ya Desemba 2013. Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Mzee Obasanjo, rais wa zamani wa Nigeria, ilithibitisha kwamba askari wa serikali waliwaua raia wa Kinuer mjini humo. Siku chache baada ya mauaji hayo tuliingia sisi, kuisaidia serikali hiyohiyo. Akina mama hao wanapotuona na magwanda sokoni wanaona nini? Nendeni mkawaulize kwa upole. Mimi nimewauliza, na yale waliyoniambia ni yao, siyatangazi hapa.

Nimalizie na Somalia, mwaka 2012, kusini mwa Mogadishu. Nilikuwa kapteni, na kombania nzima chini yangu. Tulikuwa na wanamgambo upande wetu wa magharibi, wakilinda kizuizi. Tulimkamata mtu mmoja mwenye umri wa makamo, na jioni wakaja kumdai. Wakasema ni Shabaab, wale magaidi tuliokuwa tukipigana nao, tunamjua. Safari hii ilibidi tumtumie mkalimani, na yule mtu hakuniomba lolote, alikaa kimya akitazama chini. Nikasikia sauti ya mama yangu. Nikasema, "Huyu yuko kwangu. Kamwambieni mkubwa wenu aje mwenyewe."

Mkubwa hakuja. Usiku kucha sajenti wangu alimkalisha yule mtu kando ya gari la deraya, na kesho yake tukampeleka brigedi na karatasi yake imeandikwa kila kitu. Wanamgambo wakakasirika, wakaacha kizuizi. Siku mbili magharibi yetu ilikuwa wazi. Usiku wa tatu tukapigwa kutoka magharibi, na kijana wangu mmoja akapoteza mguu wa kulia juu ya goti.

Sijui yule mtu alikuwa Shabaab au hakuwa. Sikupata kujua kesi yake iliishaje. Nimemtembelea yule askari wangu kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka huniuliza, nami humjibu hivyohivyo, sijui.

Yuko humu ukumbini leo, safu ya tatu, na ametoka mbali kuja. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kukisema kisa hiki mbele ya watu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sema, afande. Lakini waambie na hili: mimi bado sijaamua kama ulifanya sawa."

Nimewaambia.